Programu ilipogoma kujaza nywila

Nilikuwa nawachukulia watu wanaotapeliwa kwa barua pepe kuwa ni wavivu wa kusoma. Zamu yangu ilipofika nilisoma kila neno, na bado nikaingia mkenge.

Barua ilisema kisanduku changu kimejaa na akaunti ingefungwa baada ya saa 24. Hakuna kosa la tahajia, nembo imekaa mahali pake. Nilikuwa nimechoka, tena nasubiri barua muhimu ya kazi. Nikabofya.

Ukurasa uliofunguka ni uleule ninaouona kila siku. Kitu kimoja tu: programu yangu ya kutunza nywila, ambayo huzijaza kabla sijagusa kitu, ilikaa kimya. Nikasonya. Nikadhani imekwama, nikaifungua, nikanakili nywila na kuibandika mwenyewe. Yaani nilimfanyia tapeli kazi yake kwa mikono yangu! Programu ile haitazami nembo wala rangi. Inalinganisha anwani ya tovuti na ile iliyoihifadhi. Anwani haikulingana, basi ikagoma.

Mara meseji ikaingia, tarakimu 6, kwenye mfululizo uleule wa meseji za zamani za kampuni ya barua pepe yangu. Hiyo ndiyo iliyotaka kunimaliza, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Tapeli alikuwa anaipeleka nywila yangu kwenye tovuti halisi papo hapo, nayo tovuti, bila kujua, ikanitumia namba ya kuthibitisha kwamba ni mimi ninayeingia.

Nilishaandika tarakimu 4 macho yalipotua kwenye maneno ya mwisho ya meseji: usimpe mtu yeyote namba hii. Nikainua macho kwenye anwani. Alama ya kufuli ipo, lakini kufuli husema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, halisemi unawasiliana na nani. Tapeli naye hulipata bure. Jina la kampuni nalo lipo, ila mwanzoni, likafuatiwa na nukta na jina jingine nisilolijua, kisha .com, kisha mkwaju (/). Mwenye nyumba ni lile jina, pamoja na .com yake, linalokaa jirani na mkwaju wa kwanza baada ya ile miwili ya https. Vinavyomtangulia ni vyumba vyake, na chumba anakiita jina lolote apendalo.

Jasho jembamba likanitoka. Nikafunga ukurasa, nikaandika anwani halisi kwa mkono, nikabadilisha nywila na kuviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Nikapekua pia mipangilio ya kuelekeza barua kwingine, maana huko ndiko wezi hupenda kuacha mlango wazi. Palikuwa safi. Kilichonikesha ni akaunti mbili za zamani zilizokuwa bado zinatumia nywila ileile, aibu ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Barua ya kazi, kumbe, ilikuwa imeshafika tangu jioni. Kisanduku hakikuwa kimejaa hata nusu.