Baridi ya Kitulo haipozi pawasaplai

Kila nikipanda Makete, huko Njombe, kwa kazi za minara ya simu, kufunga pawasaplai (kifaa kinachogeuza umeme wa laini uwe ule unaotakiwa na redio na mitambo), nasikia sentensi ileile: "Fundi, huku baridi, hicho kifaa kitapata wapi joto?" Nimeambiwa na walinzi wa saiti, nimeambiwa na mafundi wenzangu wanaofika kutoka Dar, nimeambiwa na wateja wanaobishania bei ya kabati lenye feni. Na ukiwa Uwanda wa Kitulo saa kumi na mbili asubuhi, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, umande umeganda kwenye majani na vidole havishiki bisibisi, kauli hiyo inaingia akilini kabisa.

Lakini kinachoondoa joto kwenye transista, vile vipande vya ndani vinavyowasha na kuzima umeme, ni hewa, na hewa ya kule ni haba. Pwani mgandamizo wa hewa ni milibari 1,013 hivi. Kitulo unashuka hadi karibu 730. Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyoko mita 3,720, ni kama 640 tu. Feni ya pawasaplai haijui tofauti hiyo: inazunguka vilevile na kuchota ndoo zilezile kila dakika, ila kila ndoo inatoka pungufu. Hewa hubeba joto kwa uzito wake. Uzito ukipungua, joto linabaki kwenye bodi.

Pawasaplai zisizo na feni hazisalimiki. Zinategemea hewa iliyopata moto kupanda yenyewe na hewa baridi kuingia nafasi yake. Msukumo huo unatokana na tofauti ya uzito kati ya hewa mbili, na hewa ikiwa nyepesi tangu mwanzo, msukumo nao unadhoofika.

Kweli, joto la nje hushuka karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu unazopanda, na kifaa kikiwa kivulini, kwenye chumba kinachopitisha hewa, punguzo hilo linafidia mengi. Tatizo ni kwamba sisi hatuviweki kivulini. Tunavifungia kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa mpira vumbi lisipite, tunalining'iniza kwenye nguzo, na jua la mlimani ni kali maana halina hewa nzito ya kulichuja. Saa tisa alasiri weka kiganja kwenye ubavu wa sanduku hilo, kisha uniambie kuhusu baridi ya Makete.

Kuna saiti moja, mwenyewe simtaji, ambako pawasaplai ya redio ilikuwa inakufa na kubadilishwa, inakufa na kubadilishwa, na kila mara lawama wanapewa umeme wa gridi na radi. Niliifungua mezani. Kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, iliyokuwa pembeni ya bodi, mbali na hitisinki (bati la kunyonya joto), kichwa chake bado bapa kama kimetoka dukani. Ile iliyobanana na hitisinki ilikuwa imetuna, alama ya msalaba juu yake imepanuka, na chini ya miguu yake kuna doa la kahawia lililokauka na kushika vumbi. Fyuzi nzima. Kinga ya radi nzima. Radi haichagui kapasita iliyo jirani na joto ikaiacha ya pembeni. Hiyo ni kazi ya joto, taratibu, wiki baada ya wiki. Kanuni ya kapasita hizi za maji mafundi wengi wanaijua: ongeza nyuzi kumi, umri wake unakatika nusu.

Viwanda vyenyewe vimeandika haya, ila yako mwisho wa datashiti, karatasi ya vipimo vya kifaa, kwa herufi ndogo. Mean Well, watengenezaji wa pawasaplai, kwa mfano, kwenye bidhaa zao nyingi wanasema ukivuka mita 2,000 punguza joto linaloruhusiwa kwa nyuzi 3.5 kwa kila mita elfu kama haina feni, na nyuzi 5 kama ina feni. Piga hesabu. Pawasaplai ya feni inayoruhusiwa mzigo kamili hadi nyuzi 50, ukiipeleka Horombo inabaki na 41 hivi. Kambi ya Kibo, juu zaidi kwenye mlima huohuo, mita 4,700 na ushee, inabaki na 36. Na hizo ni nyuzi za ndani ya sanduku, pale pawasaplai ilipo. Utabiri wa hali ya hewa hauna habari nazo. Tangu Agosti 2022, TTCL, shirika la simu la serikali, walipofikisha intaneti Horombo, habari hizi zimeacha kuwa za watafiti peke yao. Vifaa vinapanda mlima kila mwaka.

Jambo la pili linanitia hofu zaidi, kwa sababu halitoi dalili. Hewa ni kihami, yaani inazuia umeme usipite. Ndani ya pawasaplai, upande wa umeme mkali na upande wa mtumiaji vimetenganishwa mahali fulani na pengo la hewa la milimita chache tu. Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti za kurusha cheche hutegemea mgandamizo wa hewa ukizidishwa na upana wa pengo. Hewa ikiwa haba, elektroni inakimbia mbali zaidi kabla ya kugonga molekuli, inafika na nguvu, inang'oa elektroni nyingine, na cheche imezaliwa. Kwa hiyo pengo lililotosha Tanga linaweza lisitoshe mlimani. Viwango vya kimataifa vinakubali pengo la kawaida hadi mita 2,000. Baada ya hapo linazidishwa: mara 1.14 kwa mita 3,000, mara 1.29 kwa 4,000, mara 1.48 kwa 5,000. Milimita tatu zinakuwa karibu nne na nusu.

Usiniambie umeme wetu ni volti 230 tu. Ukishanyooshwa ndani ya pawasaplai, yaani ukigeuzwa kutoka AC kuwa DC, unafika 325, kwenye pawasaplai nyingi za kisasa unapandishwa tena hadi karibu 400, na radi ikipiga jirani na laini yanaingia maelfu. Nyanda za Juu Kusini msimu wa mvua, radi hazikosekani. Cheche ikivuka pengo hilo, umeme mkali unahamia upande ambao mtu anashika kwa mkono.

Wachina wana Tibet, Lhasa iko mita 3,650 hivi, na wameliingiza jambo hili kwenye kanuni zao za usalama. Ndiyo maana nyuma ya chaja za kompyuta, ambazo nazo ni pawasaplai, utaona mchoro mdogo wa mlima wenye maandishi 2000m au 5000m. Angalia yako sasa hivi. Hiyo ya 2000m, Eldoret peke yake imeshaivuka, Timboroa ndiyo kabisa, na Kitulo usiseme. Kwenye hati za zabuni za saiti za milimani huwa nautafuta mstari wa mwinuko na mara nyingi siuoni. Vipimo vimenakiliwa kutoka kazi ya Dar, joto na volti vimo, mita hazimo. Hilo linaniuma, kwa sababu mwisho wa waya ule kuna zahanati inayopiga simu ya kuomba gari la wagonjwa.

Mimi juu ya mita 2,000 naomba kwa maandishi pawasaplai iliyoidhinishwa hadi 5,000, na mzigo wangu hauvuki asilimia sitini ya uwezo wake. Sanduku napaka nyeupe, juu yake nafunga bati la pili lililoachiwa nafasi ya vidole vinne hewa ipite, na ubavu wenye pawasaplai nauelekeza mashariki, ili jua la alasiri liukose.