Mshipa upi, mama?

Jana jioni paka wa jirani alipita chini ya cherehani akanisugua mguu wa kushoto, nami sikupiga kelele. Niliacha kukanyaga nikamtazama akienda zake barazani, mkia juu. Mie nilibaki na dera la watu mkononi, mshono umefika nusu, nikihesabu kwa vidole: Machi mpaka Desemba. Miezi tisa sijaguswa pale na kitu chenye manyoya bila kuruka.

Wapitao hapa kwangu Ngamiani wanajua kwamba nilikwenda Dar es Salaam kufanyiwa operesheni ya miguu. Ulikuwa mguu mmoja tu, lakini habari ikitoka barabara hii ikafika ya pili huongezeka mguu. Mishipa ilinitoka tangu mimba ya pili, ikajisokota kuanzia pajani hadi karibu na kifundo kama kamba za jahazi. Nikawa mtu wa madera marefu, na harusini nikavaa soksi. Jirani mmoja aliapa kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa. Kwamba nashinda siku nzima ama nimekaa kwenye cherehani ama nimesimama mezani nikikata vitambaa, hilo hakulitaja.

Uzuri haukunipeleka hospitali, ingawa watu walidhani hivyo. Ngozi iliyo juu ya kifundo kwa ndani iligeuka nyeusi, ikawa inawasha, ikakakamaa. Daktari akanieleza kuwa ndani ya vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni, kuna vali, vijilango vya kuizuia damu inayopanda isirudi chini, na vyangu vimelegea. Damu inatuama. Nikichelewa, pale peusi patafumuka kidonda, na vidonda vya aina hiyo vina ukaidi.

Basi huko Dar wakaitoa vena hiyo. Walivyonieleza, nilielewa kifundi: mkato mdogo kinenani, mwingine huku chini, waya unapitishwa ndani ya mshipa, unafungwa, unavutwa, mshipa unatoka wote. Sawasawa na kuchomoa kamba kwenye nefa ya suruali ya kulalia. Damu haikosi njia, maana sehemu kubwa yake hupandia kwenye vena za ndani ya misuli. Ila fundi yeyote atakwambia, kamba iliyokaa kwenye nefa miaka mingi ukiivuta, mara nyingine hutoka na nyuzi za mshono.

Kurudi Tanga niliambiwa nisikae muda mrefu bila kutembea. Tulipofika Segera nikashuka, nikalizunguka basi mara tatu na bandeji zangu, baba watoto kanishika mkono, wauza maji wanatutazama. Baada ya majuma mawili bandeji zikatoka. Shoga yangu akaja kunijulia hali, akaniinua dera bila kuniomba ruhusa, akapiga kigelegele. "Wee! Mguu kama wa mwari!"

Na kweli ulikuwa hivyo. Mpaka leo ukiutazama hutaona kitu, na hapo ndipo balaa lilipo.

Kwanza ilikuwa ganzi, ukanda mpana kama kiganja upande wa ndani wa muundi, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Juu ya ganzi ukaja moto. Mtu asiyeyajua haya hawezi kunielewa, na simlaumu, maana mwenyewe nilijiona natunga. Pale ukinigusa kwa ncha ya sindano sisikii. Ukinipuliza, naungua. Pindo la dera likipita pale kila ninapokanyaga cherehani ni kama nimemwagiwa mafuta ya vitumbua. Nilijaribu kulipandisha dera magotini nikaona haya, baraza yangu inatazama njia. Usiku nililala mguu mmoja nje ya shuka, na feni ikizimwa baba watoto analoa jasho, ikiwashwa mie nasaga meno.

Nikarudi hospitali, hapa hapa Tanga, nikasema kile ambacho kila mmoja wetu angesema: "Daktari, mshipa unaniuma."

Nimelifikiria sana neno hili miezi hii. Sisi mshipa kwetu ni kila kitu. Unaopita damu ni mshipa, unaopiga kwenye kifundo cha mkono ni mshipa, shingo ikikaza umelalia mshipa. Huku pwani ukisema mzee fulani ana mshipa, hiyo ni habari nyingine kabisa na haitangazwi kwenye dirisha la dawa. Daktari akasikia mshipa, akafikiri mshipa wa damu, jirani wa ule uliotolewa. Akanipima kwa mashine ya picha, akitafuta damu iliyoganda. Alifanya haki. Damu ikiganda kwenye vena za ndani baada ya operesheni inaweza kusafiri hadi mapafuni ikaua mtu, na hiyo lazima itafutwe kwanza. Hakukuta kitu. "Mishipa yako mizuri, mama," akasema, akaniandikia diklofenaki. Nikanywa. Ni kama nilikunywa maji ya chumvi.

Nikaenda tena, nikasema tena mshipa. Duka la dawa nikasema mshipa, nikapewa vidonge vya vitamini B, maana ndivyo wanavyokupa ukilitamka neno hilo. Mwezi wa nne, mwezi wa tano. Nyumbani wakaanza kuchoka. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini mtu huijua nyumba yake inapochoka.

Aliyenitoa gizani alikuwa daktari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipoanza wimbo wangu akaniuliza, "Mshipa upi, mama? Wa damu au wa fahamu?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi usiniambie mshipa. Niambie unahisi nini." Nikamwambia moto, nikamwambia sindano, nikamwambia habari ya shuka. Akachukua pamba akanipitisha pale, nikaivuta kanga yangu mdomoni nisitukane. Kisha akagonga kwa ncha ya kidole, taratibu, chini kidogo ya goti kwa ndani, na shoti ya umeme ikateremka mpaka kifundoni. Akatabasamu. Yaani mie natoka machozi, yeye anatabasamu kama aliyepata ufunguo uliopotea!

Akachora nyuma ya kadi yangu. Vena iliyotolewa inaitwa safena kubwa. Kuanzia goti kushuka chini, inaongozana na neva, ndio huo mshipa wa fahamu, yenye jina hilo hilo, neva ya safena, zimelaliana kama nyuzi mbili za mshono mmoja. Kwa hiyo madaktari wengi siku hizi huivuta vena mpaka chini kidogo ya goti tu, hasa kuikwepa neva. Yangu ilitolewa mpaka kifundoni. Hata wanaotumia njia ya kuichoma vena kwa joto huzungushia kwanza maji yenye dawa ya ganzi ili joto lisiifikie neva, na bado mara nyingine huifikia. Neva yangu kazi yake ni kuhisi tu, haiendeshi msuli wowote, ndiyo maana mguu una nguvu zake zote na cherehani nakanyaga. Nilipomuuliza kama walikosea, alisema hili ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kutokea, na kwa kawaida huandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Nikaikumbuka fomu. Niliisaini kwenye mapaja nikiwa na njaa tangu usiku, sikuisoma hata mstari mmoja. Mie ambaye sikati kitambaa cha mteja kabla ya kupima mara mbili.

Dawa aliyonipa ni amitiriptilini, kidonge kidogo cha usiku. Binti yangu akasoma karatasi ya ndani, akaja na uso umebadilika: "Mama, hii mbona ya sonona?" Kumbe ndivyo ilivyoanza, kisha ikaonekana inatuliza neva kwa kipimo kidogo. Asubuhi kinywa kinakauka kama nimekula mabibo, na majuma mawili ya mwanzo nilisinzia nikashona mkono wa kulia begani kwa kushoto. Lakini nililala. Shuka juu ya miguu yote miwili.

Akaniambia pia neva ikipona huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Nikachukua futi: goti hadi kifundo, sentimita 33. Nikachora mpaka wa ganzi kwa kalamu, na kila mwezi nachora mwingine. Kwa hesabu yangu ningekuwa karibu na kifundo. Ule mpaka umeshuka vidole vinne tu. Wengine hubaki na kiraka cha ganzi maisha yao, alinionya.

Na mazoezi. Nisugue ngozi ile mara kadhaa kwa siku kwa kitu laini, nikizoea nipande kwenye kinachokwaruza zaidi, ili ijifunze upya kwamba mguso si moto. Hapo nikacheka. Mabaki ya vitambaa ninayo gunia zima. Nikayapanga: satini, shifoni, kanga kuukuu iliyofuliwa ikalegea, kanga mpya yenye wanga wake, kitenge, jinzi. Satini ilinichukua majuma matatu. Kanga mpya nililia. Kitenge nilikimaliza mwezi uliopita, na jinzi naivumilia nikihesabu hadi 30.

Cha mwisho kwenye foleni ni kipande cha gunia la katani. Marehemu baba alikuwa mkata mkonge, miundi yake yote makovu, na kipande hicho ndicho alichokuwa akikalia. Jana baada ya paka nilikitoa, nikakinusa, nikakikunja nikakirudisha chini ya cherehani. Leo ni jinzi tena.