Tausi wa Tikiti

Dada yangu alipokuwa akiandaliwa kicheni pati pale Tabata, mpambaji alitutajia bei ya meza ya matunda, shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hela yote hiyo kwa matunda? Si bora ninunue shamba zima la mananasi Kiwangwa!" Palepale akatangaza kuwa meza hiyo tutaipamba wenyewe, yeye na mimi, na kwamba tutatengeneza tausi. Ndege huyo alimpenda tangu usichana wake, enzi akipita Magogoni kuwahi pantoni ya Kigamboni na kuwachungulia tausi wa Ikulu.

Alfajiri tukawa Mabibo, soko ambalo wengi wanaliita Mahakama ya Ndizi. Ilikuwa Novemba, maembe dodo yameanza kuingia. Shangazi hanunui tunda kwa kutazama rangi. Tikiti aliligeuza kwanza, akatafuta baka la njano pale lilipolalia udongo. Baka likiwa jeupe analirudisha, limechumwa changa. Nanasi alilinusa kitakoni. Papai alitaka lililoanza tu kupiga rangi, maana lililoiva sawasawa halishiki kwenye kijiti. Muuzaji akachoka: "Mama, unanunua au unaposa?"

Barazani kwetu akanikabidhi mananasi. Macho ya nanasi yamejipanga mshazari, kwa hiyo ukiufuata mstari wake kwa ncha ya kisu, ukakata mfereji mwembamba unaozunguka, yanatoka yote na nyama haipotei, na tunda linabaki limesukwa kama ukili. Mpaka leo sijaona pambo la kisu linalonifurahisha kuliko hilo, na halihitaji ufundi wowote wa hotelini.

Mwili wa tausi ulikuwa nusu ya tikiti, limefunikwa kifudifudi kwenye sinia la pilau lililotandikwa jani la mgomba. Shingo ni ndizi mbichi iliyopinda. Tuliiacha na ganda lake, kwa kuwa ikimenywa inageuka kahawia kabla wageni hawajafika. Macho, karafuu mbili. Mkia ndio uliotula muda: vijiti vya mishikaki vilivyotungwa embe, papai, nanasi na zabibu, vikachomekwa kwa kupanuka nyuma ya tikiti, virefu katikati, vifupi pembeni. Barafu ya Feri, kwenye soko la samaki, shangazi aliikataa kabisa, akidai itanukisha tausi samaki, tukanunua kwa jirani anayegandisha za vifuko.

Ukumbini akina mama wenye sare za vitenge walimzunguka ndege wetu kwa simu. Walipiga picha, wakasifia, wakaondoka na sahani za sambusa. Mimi nilivimba kichwa, lakini shangazi alinuna. Kwake, sinia ambalo watu wanaliogopa ni la kazi bure, na joto lile la Dar lilikuwa limeshaanza kuyatoa maembe maji. Akanyanyuka, akachomoa unyoya mrefu kuliko yote, akamlisha bibi harusi mtarajiwa mbele ya kadamnasi. "Haya, mnamwogopa ndege wa tikiti?"

Muda si mrefu tausi alikuwa hana mkia. Mama mmoja, bado anatafuna, akauliza tunatoza kiasi gani, mwanawe ana kipaimara mwezi ujao. Shangazi akataja bei bila kupepesa macho, karibu sawa na ile ya mpambaji, kisha akanionyesha mimi kwa kidole: "Fundi wa mananasi ni huyu hapa."