Wito Ulionibadilisha Kabla ya Kunituma

Tangu nilipoupokea wito wa umisionari, sura ninayoirudia zaidi katika maombi ni ya 9 katika Matendo ya Mitume. Sauli aliyekuwa akienda Dameski kuwakamata wafuasi wa Yesu alikaa siku 3 bila kuona, asile wala asinywe, mpaka Anania, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumwogopa, alipomwekea mikono na kumwita ndugu. Neno hilo, nakiri kwa moyo wote, hunitoa machozi hata leo, kwa sababu mimi pia nilipokelewa na waumini niliokuwa nimewadharau kwa miaka mingi.

Katika Wagalatia 1 Paulo, ndiye Sauli yule yule, anaeleza kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ilipita miaka 3 ndipo akapanda kwenda Yerusalemu. Baadaye, kanisa la Antiokia lilipokuwa likifunga na kuomba, Roho Mtakatifu aliagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa ajili ya kazi aliyowaitia.

Kwangu mabadiliko yamekuwa ya polepole vivyo hivyo: hasira yangu imepungua, kiu ya kutambuliwa imenitoka kwa maumivu, na nimejifunza kuketi na watu na kuwasikiliza kwanza kabla ya kuwahubiria. Jumapili iliyopita wazee wa kanisa waliniwekea mikono na kunituma rasmi. Ndugu zangu katika Kristo, naomba mniombee, na zaidi niombeeni unyenyekevu.