Dirisha la Gereza la Culpeper

Matendo 16:25

Wapendwa, kila nisomapo habari ya Paulo na Sila wakimwimbia Mungu usiku wa manane katika gereza la Filipi, huku wafungwa wengine wakiwasikiliza, namkumbuka James Ireland, mhubiri wa Kibaptisti aliyefungwa Culpeper, Virginia, iliyokuwa bado koloni la Waingereza huko Amerika, katika majira ya baridi ya mwaka 1769 kuingia 1770. Kosa lake lilikuwa kuhubiri bila kibali. Alipotakiwa aahidi kwamba hatahubiri tena, alikataa, na watu walipomfuata gerezani akawahubiria kupitia nondo. Wapinzani wake walipitisha farasi katikati ya wasikilizaji, wakawachapa viboko watumwa waliokuja kulisikia Neno, wakachoma salfa na pilipili ili moshi umkabe. Naye barua zake aliziandika kama mtu aliye katika jumba lake la kifalme.

Linalonichoma moyo ni kwamba waliomfunga hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo waliobatizwa, waumini wa Kanisa la Uingereza (Anglikana), lililokuwa kanisa rasmi la Virginia, ambalo makasisi wake walilipwa kwa ratili za tumbaku zilizotozwa kwa kila mlipa kodi, Wabaptisti wakiwamo. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kutenganisha kanisa na serikali huko Marekani kulibuniwa na wasiomcha Mungu amesahau ni nani waliokililia kitu hicho wakiwa nyuma ya nondo. James Madison, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, aliyekuwa akiishi wilaya ya jirani, aliandika kwa uchungu juu ya wahubiri waliofungwa namna hiyo mwaka 1774. Na ndiye aliyeisimamia sheria ya uhuru wa dini, iliyoandikwa na Thomas Jefferson, hadi ikapitishwa Virginia mwaka 1786. Hata yale maneno maarufu ya Jefferson, kwamba kuna "ukuta" kati ya kanisa na serikali, yamo katika barua yake akiwa rais, ya tarehe 1 Januari 1802, aliyowajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliokuwa wamelalamika kwamba jimbo lao liliihesabu ibada yao kuwa fadhila, si haki.

Waumini wengi huikumbuka hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1962, iliyozuia sala iliyotungwa na serikali isisomwe katika shule za umma, kama siku Mungu alipofukuzwa shuleni. Mimi nimeisoma sala iliyobishaniwa. Ina maneno 22 tu kwa Kiingereza, ilitungwa na maofisa wa elimu wa jimbo la New York, na jina la Yesu halimo. Lingewezaje kuwamo? Sala ambayo serikali inawatungia watoto wa dini zote haina budi kupunguzwa hadi isimkwaze yeyote. Mahakama haikumkataza mtoto kuomba; ilimkataza ofisa kumwandikia la kumwambia Mungu.

Je, basi Mkristo anyamaze mambo ya taifa? Hasha. Mwezi Aprili 1963 mchungaji mwingine wa Kibaptisti, Martin Luther King, alikuwa katika gereza la Birmingham, Alabama, kwa sababu ya kuandamana dhidi ya ubaguzi wa rangi. Viongozi wanane wa dini wa jimbo hilo walitoa tamko gazetini wakiyaita maandamano hayo yasiyo ya hekima wala ya wakati wake. Hakuwa na karatasi. Alianza kuwajibu pembezoni mwa gazeti lenyewe.