Nguvu za kiume zilirudi nilipotibu kisukari
Uume ulipoanza kulegea katikati ya tendo, mke wangu alisema twende wote kliniki. Daktari hakuniandikia vidonge vya nguvu. Alipima presha, akanitoboa kidole, mashine ya sukari ikasoma 14, juu sana. Kumbe sukari! Alinieleza kuwa sukari huharibu mishipa ya damu, na kwamba ile ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo ya uume huonyesha dalili mapema.

Nikaanza metifomini, dawa ya kisukari, nikaacha sigara, soda nikaipa kisogo, jioni natembea kwa kasi. Nguvu zikarudi taratibu.

Wanaume wenzangu, kabla ya kukimbilia mkongo, ile dawa ya asili ya nguvu za kiume, pimeni sukari na presha. Anayetumia dawa za moyo za naitreti asiguse kabisa sildenafili (kidonge cha nguvu za kiume, kama Viagra): presha hushuka ghafla, anaweza kufa.