Swichi ya mguso kwenye taa ya mtumbwini: betri inaliwa na nani

Taa ndogo za kazi zinazobebwa mtumbwini hapa Kibirizi, Kigoma, mara nyingi hufia kwenye swichi. Betri nzima, ledi nzima, ila kitufe kimeingia maji na magamba ya dagaa, hakishiki tena. Nilitaka kopo la plastiki lisilo na tundu upande wa swichi, nikachagua chipu ya mguso TTP223, ile inayouzwa ikiwa tayari kwenye moduli ya pini tatu.

Kuwasha ni kazi rahisi. Kazi iko kwenye kusubiri. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na taa inalala siku kadhaa. Swichi ya kawaida ikizimwa haili kitu. Ya mguso haizimiki kabisa, maana lazima ikae macho ingojee kidole.

Chipu yenyewe usiilaumu. Kwa volti 3, ikiwa inasinzia, hutumia kama mikroampea 1.5, yaani takriban miliampea-saa (mAh) 13 kwa mwaka. Betri ya lithiamu ya 18650 yenye 2000 mAh haitajua kama kuna mtu anakula. Walaji ni majirani zake. Nilianza kwa kuweka regulata ya AMS1117 kushusha volti, kwa mazoea tu. Hiyo peke yake hunywa karibu miliampea 5 hata bila mzigo: 120 mAh kwa siku, betri imekauka kwa siku 16 au 17 taa ikiwa imezimwa. Nikaing'oa. TTP223 inapokea volti 2.0 hadi 5.5, basi inakaa moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu, hata ikiwa imejaa 4.2. Moduli ikiwa na kitaa kinachowaka muda wote umeme ukiwepo, nacho kitoe kwa pasi ya risasi.

Saketi ni hii. Pini ya kutokea ya moduli inapita rezista ya ohm 100 kwenda geti, mguu unaoamrisha mosifeti AO3400 (swichi ya kielektroniki inayobeba mkondo wa ledi), na rezista ya kiloohm 100 (100k) kutoka geti kwenda hasi. Ledi ya wati 1 inapata chanya kupitia rezista ya ohm 3.3 ya nusu wati. Hasi yake inaingia mguu wa drein, na mguu wa sosi unakwenda hasi ya betri. Kuchaji ni moduli ya TP4056, ile yenye kinga ya betri.

Kwenye moduli kuna vipande viwili vya kuunganisha kwa risasi, A na B. Ziba B, ili mguso mmoja uwashe na mwingine uzime. A iache wazi. Ukiiziba, mantiki inageuka: pini inakaa juu wakati taa inapaswa kuwa imezimwa. Zaidi ya kuwasha taa bila kuguswa, ile 100k inavuta mikroampea 37 bure, zaidi ya mara 20 ya chipu.

Ledi ikiwaka, volti ya betri hushuka ghafla na chipu inaweza kudhani imeguswa. Taa inawaka, inazima, inawaka. Dawa ni ohm 100 kwenye waya wa chanya wa moduli tu, kisha kapasita ya 10 µF na ya 100 nF kutoka pini ya umeme hadi hasi, karibu kabisa na chipu.

Kupima mikroampea kwa mita ya bei ndogo ni kujidanganya. Mimi naweka rezista ya 10k kwenye chanya cha moduli, kabla ya hizo kapasita, ledi ikiwa imetolewa, kisha nasoma milivolti juu yake. Kila milivolti 10 ni mikroampea 1. Mwanzoni namba iko juu. Iache sekunde kadhaa chipu isinzie, itashuka. Ikigoma kushuka, kuna jirani bado anakula.

Plastiki ya milimita 2 inapitisha mguso vizuri, mradi moduli imegandishwa bila hewa katikati. Pengo dogo tu la hewa na kidole hakisikiki. Kopo la bati halifai, wala rangi ya fedha yenye unga wa chuma. Ikiwa imesinzia, mguso wa kwanza huchelewa kama milisekunde 220, hivyo mwambie mtumiaji aweke kidole na kutulia, asigonge kama anayebisha hodi.

Maji ndiyo yaliyonirudisha mezani mara nyingi. Tone moja halina neno. Utando wa maji unaounganisha eneo la mguso na mkono, au na skrubu iliyogusa hasi, ndio unaowasha taa. Nilihamisha mguso upande wa chini wa kopo, nikaondoa skrubu za karibu, nikaongeza kapasita ya 22 pF kati ya pini ya mguso na hasi kupunguza usikivu. Mwisho unaoruhusiwa na chipu ni 50 pF.

Chaja hafifu za simu nazo huchanganya mguso, kwa hiyo naijaribu taa ikiwa nje ya chaja. Nikiunga betri naondoa mkono kwa sekunde moja, kwa sababu chipu hujipima hapo mwanzo. Kisha namwaga kikombe cha maji juu ya kopo taa ikiwa imezimwa. Ikiwaka, naongeza 10 pF na kumwaga tena.